Jua la Mchana, Umeme wa Saa Mbili Usiku

Tarehe 10 Desemba 2009 umeme ulikatika Unguja, na haukurudi hadi Machi ya mwaka uliofuata. Hitilafu ilikuwa kwenye njia ya umeme inayopita chini ya bahari kutoka Bara, na kisiwa kizima kilikuwa kinaitegemea njia hiyo moja. Mwaka 2008 kilikuwa kimeshaonja giza la karibu mwezi mzima. Wenye hoteli waliwasha jenereta. Majumbani, kilichowatesa watu kuliko giza kilikuwa maji: pampu za visima huendeshwa kwa umeme, na pampu zikilala, mifereji hukauka.

Tena ilikuwa miezi ya kaskazi. Jua liliwaka kutwa nzima juu ya mapaa ya nyumba zisizo na umeme.

Tujaalie kila paa la Unguja lingekuwa na paneli mwaka ule. Pampu zingefanya kazi tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, matangi yangejaa, na maji yangefika majumbani. Fundi cherehani angeshona, kinyozi angenyoa, simu zingechajiwa. Lakini kama hakuna betri, saa mbili usiku kisiwa kingekuwa kwenye giza lile lile. Mabishano mengi ya sola ninayoyasikia, redioni na kwenye mabaraza, huharibikia hapo. Anayeisifu anazungumzia saa sita mchana, anayeibeza anazungumzia saa mbili usiku, na wote wawili wanasema kweli.

Nianze kwa kuitendea sola haki. Seli ya kwanza ya silikoni yenye manufaa ilitengenezwa Marekani, katika maabara za Bell, mwaka 1954, na iligeuza kuwa umeme asilimia 6 tu ya mwanga ulioiangukia. Paneli za kawaida madukani leo zinazidi asilimia 20. Kisayansi seli moja ya silikoni haiwezi kuvuka theluthi moja, kwa hiyo maajabu makubwa ya siku hizi hayamo kwenye uwezo wa paneli. Yamo kwenye bei, ambayo ilishuka kwa takriban asilimia 90 katika miaka kumi iliyoanzia 2010. Jua la adhuhuri humwaga karibu wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba. Paneli moja kubwa ya wati 550, ikipata wastani wa saa tano za jua kamili kwa siku, hutoa zaidi ya uniti (kilowati-saa) mbili hata ukiondoa kinachopotea kwenye nyaya na vifaa. Mteja wa shirika la umeme la TANESCO wa daraja la D1, yule anayenunua umeme wa LUKU kwa bei ya chini, haruhusiwi kuvuka uniti 75 kwa mwezi, yaani mbili na nusu kwa siku. Kwa maneno mengine, paneli moja inakaribia kutosha nyumba moja ya kipato cha chini. Mtu angeyasema hayo miaka ishirini iliyopita, tungemcheka.

Liko jambo jingine linalotupendelea. Ujerumani ina mitambo ya sola inayozidi megawati 100,000, lakini Desemba mchana wa kule ni wa saa nane na jua hutambaa chini chini. Wao wanatakiwa watunze umeme wa Juni hadi Desemba, na betri ya kazi hiyo haijapatikana kwa bei inayolipika. Sisi tulio jirani na ikweta mchana wetu ni wa saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa tofauti ndogo. Tunachotakiwa kuvuka ni usiku mmoja, pamoja na siku chache za mawingu mazito ya masika. Kwa hiyo mtu anayechukua hoja za Berlin dhidi ya sola na kuzihamishia Dodoma anakosea hesabu, sawasawa na anayechukua sifa za mwangaza wa Dodoma na kudhani joto la Dodoma nalo linasaidia. Paneli hupenda mwanga, haipendi joto. Ikigandamizwa juu ya bati bila nafasi ya hewa hupanda hadi nyuzi 60 na zaidi, na kila nyuzi moja juu ya 25 huila karibu theluthi ya asilimia moja ya nguvu yake. Fundi mzuri huinyanyua kidogo ili upepo upite chini. Mafundi wengi hawafanyi hivyo, na mwenye nyumba hajui kwamba sehemu ya umeme wake inaishia kwenye bati.

Sasa tuje kwenye saa mbili usiku. Ndipo familia inaporudi, taa zinawaka, runinga inazungumza, pasi inatolewa kwa ajili ya sare za kesho, na mwenye jiko la umeme anaweka sufuria. Paneli iko juu ya paa, imelala. Kinachofanya kazi ni betri na inveta, na hapo ndipo bei inapopanda. Betri za asidi, zile zinazofanana na za gari, zina bei ya kuvutia, lakini ukizitumia kupita nusu ya uwezo wake kila siku zinakufa mapema. Betri za lithiamu hudumu miaka mingi zaidi, ila mtu hutakiwa kutoa fedha nyingi kwa mara moja. Paneli yenyewe, ambayo picha yake ndiyo imejaa kwenye matangazo, siku hizi mara nyingi ndicho kifaa kinachogharimu kidogo katika mfumo mzima wenye betri.

Kutokana na ugumu huo, sola iliyoenea vijijini ni ile ndogo: taa tatu au nne, chaja ya simu, pengine redio. Kenya ilionyesha njia kuanzia mwaka 2012, pale M-KOPA ilipoanza kuwauzia watu vifaa hivyo kwa malipo ya kidogo kidogo kupitia M-Pesa. Usipolipa, kifaa kinazimwa kwa mbali, ukilipa kinawaka. Ni biashara iliyowaondolea mamilioni ya watu moshi wa koroboi, na asiyewahi kusomea kwa kibatari asiidharau. Ziwani Victoria wavuvi wa dagaa, ambao kwa miaka walibeba karabai za mafuta ya taa usiku, wengi wao sasa wana taa zinazochajiwa kwa jua. Hayo ni mabadiliko ya kweli katika mfuko wa mtu.

Ila taa haitoshi kuitwa umeme. Chukua seti ya wati 50. Kwa siku nzuri inakusanya kama wati-saa 250. Jiko la umeme la wati 1,500 likipika kwa nusu saa linakula 750. Ugali wa siku moja utahitaji jua la siku tatu, na hapo taa hazijawashwa. Mashine ya kusaga ya kijijini huomba kilowati saba hadi kumi na tano. Mwezi Mei 2024 serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Lengo ni zuri, lakini kwa seti hizo halifikiki, na kijiji chenye taa za sola kila nyumba bado kinaweza kuwa kijiji kinachokata kuni na kuchoma mkaa. Kinachoniudhi ni pale kijiji cha namna hiyo kinapowekwa kwenye taarifa kama kijiji "kilichofikiwa". Kimefikiwa na taa.

Swali zuri zaidi ni kazi zipi zinalifuata jua zenyewe. Ya kwanza ni maji. Pampu ya kisima ikiunganishwa moja kwa moja na paneli inavuta maji mchana na kujaza tangi lililo juu, na usiku maji yanashuka kwa uzito wake. Huhitaji betri, kwa sababu ulichohifadhi ni maji na wala si umeme. Umwagiliaji ni hivyo hivyo, tena shamba linahitaji maji zaidi siku zile zile ambazo jua ni kali. Barafu nayo inafaa: igandishwe adhuhuri, itunze samaki hadi alfajiri. Yako majokofu ya chanjo yaliyotengenezwa kwa mtindo huu, hugandisha barafu ndani yake mchana na kubaki na baridi usiku kucha bila betri, na yamezisaidia zahanati ambazo zamani zilitegemea majokofu ya mafuta au gesi. Kusaga nako kunawezekana, ikiwa kijiji kitakubali kusaga mchana na mashine ikapewa paneli za kutosha. Hakuna sheria inayosema unga usagwe jioni. Kama ningekuwa na sauti kwenye mpango wa nishati vijijini, fedha ya kwanza ya sola ningeipeleka kwenye visima na mwalo wa samaki kabla ya taa za barabarani, ambazo wanasiasa wanazipenda kwa sababu zinaonekana.

Januari 2025 viongozi wa Afrika walikutana Dar es Salaam kwa mkutano wa Misheni 300, mpango wa Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika wa kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo 2030. Katika mikutano ya aina hii hairukwi takwimu moja ya Shirika la Kimataifa la Nishati: Afrika ina asilimia 60 ya maeneo bora ya jua duniani, lakini ina asilimia 1 tu ya mitambo ya sola. Husomwa kwa huzuni, kana kwamba ni fumbo. Jibu lake liko benki. Anayenunua jenereta analipa kidogo leo na dizeli anainunua kila siku. Anayenunua sola analipia leo umeme wa miaka ishirini na mitano ijayo. Kwa hiyo riba ndiyo bei halisi ya sola, na mikopo ya miradi ya nishati Afrika hugharimu mara mbili hadi tatu ya ile ya nchi tajiri. Paneli ile ile, chini ya jua zuri zaidi, inatoa umeme ghali zaidi kwa sababu ya mahali ilipokopewa. Kodi nayo hufanya kazi hiyo hiyo. Mwaka 2020 Kenya ilirudisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 14 kwenye vifaa vya sola, kisha ikaiondoa mwaka uliofuata. Mfanyabiashara anayepanga mambo ya miaka ishirini hawezi kupanga na sheria inayobadilika kila bajeti.

Suala la bei lilijitokeza waziwazi katika gridi ndogo za vijijini, zile zinazojengwa na wawekezaji binafsi mahali ambapo nguzo za TANESCO hazijafika. Kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, kilipata yake mwaka 2016: paneli, betri, na jenereta ya akiba. Umeme ulikuja, lakini uniti katika miradi kama hiyo iliuzwa mara kadhaa ya bei ya mjini. Wananchi wakauliza kwa nini mvuvi wa kisiwani alipe zaidi ya tajiri wa Masaki. Mwaka 2020 serikali ikaagiza bei hizo zishushwe zilingane na za TANESCO vijijini, shilingi 100 kwa uniti. Wawekezaji wakasema kwa bei hiyo hawawezi kurudisha hata gharama za kuendesha mitambo, na wengine wakasimamisha mipango ya vijiji vipya.

Mvuvi yule alikuwa na haki, na hesabu za mwekezaji zilikuwa sahihi. Mjini bei ni nafuu kwa sababu taifa zima lilichangia mabwawa, nguzo na transfoma kwa miaka zaidi ya hamsini. Kijijini kuunganishiwa umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, ni shilingi 27,000, kiasi ambacho hakilipi hata sehemu ndogo ya gharama ya nguzo mpaka mlangoni. Hiyo ni ruzuku, na ni halali. Ukiitoa kwa nguzo, kisha ukamwambia mwenye paneli auze kwa bei ile ile bila kumpa ruzuku ya kiwango hicho hicho, umeua mradi kwa kalamu na ukajisifu kwamba umemtetea mnyonge.

Lakini mahali ambapo sola ingeifaa zaidi Tanzania, nadhani, ni kwenye gridi kubwa, na hapa natofautiana na wengi. Bwawa la Julius Nyerere, mtoni Rufiji, lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wake wa kwanza ulipoingia kwenye gridi Februari 2024, mahitaji ya juu kabisa ya nchi nzima hayakuwa yamefika megawati 2,000. Ndiyo maana ukitaja sola siku hizi unajibiwa: ya nini tena, na bwawa tunalo?

Nina sababu mbili. Ya kwanza ni kumbukumbu. Mgao wa umeme wa 2006, wa 2011, na ule uliotukuta mwishoni mwa 2022 na tena 2023, yote ilikuwa na mkono wa ukame au upungufu wa maji. Kina cha bwawa la Mtera kilikuwa kikisomwa kwenye taarifa ya habari kama matokeo ya mpira. Rufiji ni mto mkubwa kuliko yote tuliyokuwa tukiitegemea, lakini nao hulishwa na mvua. Hapa sola na bwawa vinaweza kuoana. Mchana jua libebe sehemu ya mzigo wa nchi, mitambo ya Rufiji ipunguzwe, maji yabaki bwawani. Jua likizama, maji yafunguliwe. Bwawa linakuwa betri kubwa ambayo tumeshailipia. Miaka ya mvua kama masika ya 2024, wakati Rufiji ilipofurika, kuokoa maji hakuna maana kubwa. Miaka haifanani, na mwaka wa ukame jua huwa kali zaidi.

Sababu ya pili ni umbali. Bwawa liko kusini mashariki, na umeme ukisafirishwa mamia ya kilomita hupotea njiani na hufika umechoka. Machi 2025 wananchi wengi walishangaa kusikia kwamba Tanzania, pamoja na bwawa lake, inapanga kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Kelele zilikuwa nyingi, na baadhi zilikuwa za kisiasa tu, maana kihandisi hoja ile ina mashiko: jirani aliye karibu anaweza kukufaa kuliko bwawa lako lililo mbali. Kama hoja ni umbali, basi tazama ramani ya ukame wetu: Dodoma, Singida, Shinyanga. Huko ndiko jua liliko na mawingu ni machache. Mradi wa Kishapu, mkoani Shinyanga, umepangwa kufikia megawati 150, ukianza na 50. Ni mwanzo wa busara, ila tusidanganyane kuhusu ukubwa wake. Megawati 50 za jua hutoa katika saa 24 kile ambacho megawati 10 zinazofanya kazi mfululizo zingetoa. Kenya inalijua hilo tangu ilipozindua Garissa, megawati 50, mwaka 2019. Mtambo ule husaidia mchana, na usiku mzigo unabebwa na mvuke wa Olkaria, maji, na mafuta.

Upo mkosi mmoja ambao haujatufikia vizuri lakini uko njiani. Wenye uwezo wanaanza kuondoka kwenye gridi. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kiliweka kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014, na viwanda vingi vimefuata mfano huo. Siwalaumu. Mwenye kiwanda aliyechoshwa na kukatikiwa umeme ana haki ya kujitafutia. Pakistan, ambako bei ya gridi ilipanda sana, iliagiza paneli za takriban megawati 17,000 katika mwaka mmoja wa 2024, na sasa mashirika ya umeme yanabaki na madeni yale yale huku wateja wazuri wakipungua. Gharama ya nyaya haipungui mteja anapopunguza matumizi. Anayebaki kuilipa ni yule asiye na paa lake mwenyewe, mpangaji wa chumba kimoja Manzese au Mathare. Kwa hiyo ni haki wenye sola kubwa wanaotaka gridi iwe akiba yao ya usiku walipie akiba hiyo, na kanuni ziandikwe mapema, kabla hawajawa wengi na wenye sauti.

Betri nazo hufa, na zikifa zina sumu. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi karibu na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi, na watoto wao wakaugua. Phyllis Omido aliongoza mapambano yao. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Betri zile hazikuwa lazima za sola, lakini risasi ni ile ile, na leo kila kijiji chenye sola za betri za asidi kina betri mbovu nyuma ya nyumba. Sijaona mpango wa kuzikusanya unaolingana na kasi ya kuziuza. Muuzaji awajibishwe kuipokea betri aliyoiuza.

Mengi ya haya hayahitaji teknolojia mpya. Yanahitaji serikali na wafanyabiashara waache kutuhesabia saa sita mchana peke yake. Wizara ya Nishati na mdhibiti EWURA, kila mnapotangaza megawati za jua, andikeni pembeni ni uniti ngapi zitapatikana kwa siku, nani atazibeba saa mbili usiku, na mteja wa kijijini atazilipia shilingi ngapi. Wahandisi wenu wanazo hesabu hizo. Tupeni na sisi.